S sio ya Safari wakuu: tuelewane kuhusu gia za oto na Spoti kwenye SUV

Mbukwenyi wakuu. Hapa Dodoma siku hizi kila ukigeuka ni SUV, kuanzia Harrier, Vanguard, Forester, X-Trail mpaka hizo Prado zinazopanga foleni kuelekea Mtumba asubuhi, na karibu zote ni oto, lakini muulize mwenye gari ile herufi S pembeni ya D kazi yake nini, atakwambia "aah hiyo ya kukimbiza" au atacheka tu. Mi siwezi kumcheka mtu maana nlishalipia ujinga huo kwa hela yangu. Shemeji aliniachia Prado yake ya gia tano nimpeleke mama Dar, jamaa mmoja pale tunapokunywaga chai Majengo akanihakikishia kabisa kwamba D ni ya Mjini na S ni ya Safari, ukishatoka nje ya mji unaitupia S unatulia. Basi nikaitupia S pale Nzuguni, nikatulia kweli, mpaka Dar, kama kilomita 450 hivi, njia nzima najiuliza mbona hii gari inaunguruma kama imebeba matofali, mshale wa RPM, yaani injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, umeganda kwenye elfu mbili na nusu na kitu, na ule wa wese unashuka unauona kwa macho. Nikajua gari ya shemeji mbovu. Mbovu nlikua mimi.

Sasa ili uelewe Spoti lazima kwanza uelewe gia yenyewe inafanya nini, ukiruka hapo utakua unabonyeza bonyeza tu.

Chukua jeki ya gari. Unapampu mara ishirini gari inanyanyuka kidogo tu, lakini mkono wako mmoja umeinua mzigo ambao watu wanne hawaubebi. Gia nzito ndo hiyo, yaani namba 1 na 2, injini inazunguka mara nyingi tairi inazunguka kidogo, mwendo hakuna ila nguvu ipo. Gia nyepesi, ya 4, ya 5 na kuendelea, ni kinyume chake, injini inazunguka taratibu tairi inakimbia, wese linakaa, ila ukikutana na mlima gari inakosa pumzi. Injini ni ile ile na farasi ni wale wale, gia inaamua tu uzitoe kama nguvu au kama mwendo, vyote kwa pamoja hupati.

Hebu tupige hesabu kidogo, usikimbie. Giaboksi ya Toyota ya gia tano inayokaa kwenye Prado za V6 ina namba hizi: ya kwanza 3.520, ya pili 2.042, ya tatu 1.400, ya nne 1.000, ya tano 0.716. Maana ya 3.520 ni kwamba injini izunguke mara tatu na nusu ndo propela shafti, lile chuma refu linalotoka giaboksi kwenda kwenye tairi, izunguke mara moja. Alafu kuna difu, zile gia za katikati ya tairi, nayo inapunguza tena, tuchukulie difu ya 3.727. Tairi ya 265/65R17 ikizunguka mara moja gari imesogea kama mita 2.44. Ukiwa kwenye 100 unatembea mita 1,667 kila dakika, kwa hiyo tairi inazunguka kama mara 683, zidisha na difu unapata kama 2,550, hiyo ndo RPM yako ukiwa gia ya nne. Ukiwa gia ya tano inashuka mpaka kama 1,820. Ya tatu inapanda mpaka kama 3,560. Barabara ile ile, 100 ile ile, ila injini kwenye gia ya nne inazunguka mara 700 na kitu zaidi kila dakika kuliko ya tano, na mi nimefanya hivyo kutoka Nzuguni mpaka Dar. Piga picha.

Na upande wa nguvu angalia hii, gia ya kwanza ukizidisha na difu unapata kama 13, ya tano unapata kama 2.7, yaani msokoto unaofika kwenye tairi ukiwa gia ya kwanza ni karibu mara tano ya ule wa gia ya tano. Ndo maana gari ikiwa imelala gia ya tano kwenye kimlima ukakanyaga moto inakuangalia tu.

Gari za siku hizi zina gia sita, nane, mpaka kumi, na watu wanadhani gia nyingi ni mwendo mkubwa. Sio lazima. Zile giaboksi za kampuni ya ZF za gia nane zinazofungwa kwenye BMW X5 na wenzake, ya kwanza ni 4.7 na ya nane ni 0.667, maana yake kuondoka ina nguvu kuliko hiyo Prado na ikishafika barabarani injini inatulia zaidi, na katikati hapo ngazi ni fupi fupi hivyo haubabaiki gia inapobadilika. Harrier za zamani zenye gia nne zile ngazi ni ndefu, ikishuka gia moja unasikia kabisa injini imepiga kelele ghafla, sio ugonjwa, ndo umbali wa ngazi zenyewe.

Kwenye manyuo unaamua wewe kwa mguu na mkono. Kwenye oto kuna toko konvata, we ichukulie kama feni mbili zinatazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini inasukuma oili, oili inazungusha ya pili, ndo maana ukiachia breki kwenye D gari inajisogeza yenyewe bila kuzima. Ikishachanganya kuna klachi ndani inazifunga feni mbili ziende pamoja ili wese lisipotee. Na nani anabadilisha gia? Kompyuta. Inaangalia umekanyaga mafuta kiasi gani, unatembea spidi gani, injini inazunguka kiasi gani, oili ya giaboksi ina joto gani, alafu inachagua. Kwenye D kompyuta imefundishwa ubahili, kila ikipata nafasi inakimbilia gia nyepesi, hata kwenye 60 tu pale Ihumwa unakuta imeshapanda zaidi ya ulivyofikiria.

Spoti ni kuiambia ile kompyuta iache ubahili kidogo. Haiongezi farasi hata mmoja, na ukikanyaga mafuta mpaka chini kwenye D injini inatoa nguvu ile ile. Kinachobadilika ni maamuzi: inachelewa kupanda gia, yaani pale ambapo D ingebadilisha kwenye 2,000 Spoti inasubiri mpaka 3,000 na kitu, inawahi kushuka gia ukigusa mafuta, ukiachia mafuta kwenye kona inaing'ang'ania gia ileile badala ya kupanda, na pedeli ya mafuta inakua na kiherehere, ukigusa robo yenyewe inasikia nusu. Hiyo ya pedeli ndo inayowadanganya watu wengi wanasema "mzee ukiweka Spoti gari inakua na nguvu balaa". Ni pedeli tu hiyo. Gari nyingine za bei zinaongeza usukani kuwa mzito na shokapu kukaza, ila hilo halihusiani na gia.

Sasa hapa ndo pana mtego, herufi S haina maana moja kwenye gari zote. Toyota nyingi zenye S na alama za + na -, ukiingiza S kwenye dashibodi inatokea S4 au namba nyingine, na ile namba sio gia uliyopo, ni gia ya juu kabisa uliyoiruhusu. S4 maana yake "zunguka humo kati ya 1 mpaka 4, ya 5 usiguse". Ukivuta minus ikawa S3, inachezea 1 mpaka 3. Kwa hiyo ukitupia S alafu usiguse kitu, umeifungia gia ya juu na unaweza ukafika Dar hivyo hivyo kama fulani. Gari nyingine zenye M, yaani ya kuchagua gia mwenyewe, ile namba ndo gia yenyewe, ukiweka M3 inakaa ya tatu mpaka we uamue, ingawa ukisimama inashuka yenyewe. Subaru zenye SI-Drive ni kitu kingine tena, unachagua I ya utulivu, S ya kuchangamka na S yenye alama ya reli (S#) ambayo ni kali zaidi, lakini liva unaiacha D. Na Toyota za haibridi kuna B, mtu mmoja aliniuliza kama B ni ya Beki yaani kurudi nyuma, hapana, B ni ya kuzuia gari mtelemkoni kwa kutumia injini.

Toyota za zamani kidogo hazina S, zina kitufe cha PWR au ECT PWR kinachofanya kazi ya Spoti, na kwenye liva kuna kitufe cha O/D. Taa ya O/D OFF ikiwaka maana yake umeizima gia ya juu. Ukiikuta inawaka kwenye gari ya mtu na yupo lami amenyooka mwambie tu taratibu, atakushukuru kituo cha mafuta.

Kingine, angalia + iko upande gani kabla hujacheza nayo. Toyota unasukuma mbele kupandisha unavuta nyuma kushusha, BMW na Mazda ni kinyume, unasukuma mbele kushusha. Ukizoea moja ukapewa nyingine utashangaa unataka kupunguza gari inachanganya.

Sasa utumie wapi. Kwangu mi matumizi ya kwanza sio kukimbia, ni kupita malori. Barabara yetu ya kwenda Morogoro unaijua, kuanzia Mbande, Kibaigwa mpaka Gairo ni semi tupu zinaenda na kutoka Rwanda, Burundi, Kongo, unakuta uko nyuma ya moja kwenye 60, gari yako kwenye D imeshalala gia ya juu. Upenyo ukitokea ukikanyaga moto kompyuta inaanza kufikiria, ishuke gia moja, mbili, ishike, alafu ndo uondoke. Kwenye 80 unatembea mita 22 kila sekunde, sekunde moja ya kufikiria ukiwa tayari umetoka upande wa pili ni nyingi sana. Kwa hiyo fanya hivi, ukiwa bado nyuma ya lori, umeacha nafasi ya kutosha, hujatoka, weka Spoti au vuta minus mara moja au mbili uone RPM imepanda kwenye 3,000 hivi. Hapo gari imeshajiandaa. Angalia mbele, angalia kioo maana kuna wa nyuma yako naye ana haraka zake, mstari uwe wa kukatika katika, indiketa, toka, kanyaga, inachanganya papo hapo. Ukisharudi upande wako rudisha D. Na kama mbele hapaonekani Spoti haikupi macho, kaa nyuma ya lori ule vumbi lake.

Matumizi ya pili, na hapa ndo naomba unisikilize kuliko kwingine kote, ni kushuka mlima. Kanda yetu watu wanaiita tambarare lakini kila ukitoka unakutana na ukuta. Ukienda Iringa ukishapita Mtera na Izazi kuna Nyang'oro. Ukienda Singida ukitoka Bahi kabla ya Manyoni kuna Saranda, ule ni ukuta wa Bonde la Ufa wenyewe. Ukiendelea mbele ya Singida kuna Sekenke. Kupanda oto inajipandia, shida ni kushuka. Mwenye oto anashuka kwenye D mguu kwenye breki mwanzo mwisho, gia ya juu haizuii kitu, breki zinapata moto, zikipata moto sana zinapoteza nguvu na pedeli inaweza ikakukimbia mguuni. Nlishatoka Iringa na gari moja, dereva mzoefu kabisa wa mjini, tunashuka Nyang'oro mama mmoja wa kiti cha nyuma akauliza nani anachoma mpira. Hakuna aliyekua anachoma mpira.

Wazee wa malori wana kanuni yao, mlima unashuka na gia uliyopandia. Vile vibao vya kuambiwa uweke gia nzito sio vya malori peke yake. Kabla mteremko haujaanza, sio ukiwa katikati, weka S au M, vuta mpaka 3, ikiwa kali sana 2. Lengo ni ukiachia mafuta gari ijizuie yenyewe bila kuongeza mwendo, breki unaigusa kwa vipindi, unakanyaga kwa uhakika unapunguza, unaachia ipoe. RPM ikikaa 3,000 au 3,500 usiogope kelele, injini za sindano za kisasa ukiachia mafuta ukiwa na gia kompyuta inakata kabisa wese, injini inazungushwa na tairi, kwa hiyo kelele unasikia ila hutumii kitu. Ukivuta gia ambayo itazidisha RPM kompyuta itakataa, nyingi zinalia pii pii, hapo piga breki kwanza mwendo ushuke alafu vuta tena. Kwa mfano ile Prado kwenye 80 gia ya pili inaipeleka kama 4,160, inakubali, lakini gia ya kwanza ingeipeleka zaidi ya 7,000, hapo hata ukivuta mpaka liva ing'oke haiingii.

Na wale wa kuweka nyutro mtelemkoni eti kubana wese, ndugu zangu, nyutro injini inatumia wese la kukaa sailensa, ukiwa na gia umeachia mafuta haitumii, kwa hiyo unahatarisha maisha na hela hupati.

Kuna matumizi madogo mengine napita haraka. Vijiji vya 50 vyenye jamaa wa tochi, ukishusha namba moja au mbili gari inakaa kwenye 50 vizuri bila kujisahau. Milima ile ya Kondoa kuelekea Kolo, ukiona gari inapanda gia inashuka inapanda inashuka kila dakika, ifungie gia moja itulie, kule kubadilisha badilisha ndo kunapasha oili.

Pa kutokutumia: foleni za mjini, lami imenyooka mwendo mmoja, na hasa kwenye utelezi. Masika mbuga za Bahi zikilowa au mchanga wa korongo, Spoti na ile pedeli yenye kiherehere itachimba tu shimo. Hapo kama gari yako ya Japani ina kitufe cha SNOW usicheke kwamba Dodoma hakuna theluji, kibonyeze, nyingi zinaondokea gia ya pili na pedeli inapoa, tairi zinashika.

Kwenye CVT, X-Trail nyingi na Forester za kuanzia 2013 hivi, hakuna gia za kuhesabu, kuna puli mbili zinazopanuka na kusinyaa na mkanda wa chuma au cheni katikati. Ukiweka Spoti inaongeza RPM, na zile gia unazoziona zikihesabika ni kompyuta inaigiza ngazi. Mlima mrefu nao tumia, ila ukisikia inavuma na mwendo hauongezeki usizidi kukandamiza, punguza, joto ndo adui wa hizo.

Alafu wenye gari kutoka Dar mnaolalamika gari imelegea huku, Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama kumi kwa mia ya nguvu zake. Kwa hiyo oto itashuka gia mara nyingi kuliko kule, usikimbilie kubadilisha giaboksi.

Kujifunza, nenda Jumapili asubuhi pale Mtumba barabara zikiwa tupu, tembea 60 kwenye D, soma RPM, sukuma S bila kusimama wala kukanyaga breki, soma tena, vuta minus, soma, achia mafuta usikie inavyojizuia. Kutoka D kwenda S na kurudi unaruhusiwa gari ikitembea, R na P mpaka isimame kabisa. Robo saa inatosha.

Na kabla hujaanza kuitumikisha muulize fundi wako ameweka oili gani kwenye giaboksi. Toyota ya T-IV haichanganywi na ya WS, na CVT ya Nissan inataka NS-2 au NS-3 kutegemea gari, ukiwekewa ATF, ile oili ya oto za kawaida, umekwisha. Kama imebadilika rangi kuwa nyeusi na inanuka kuungua, Spoti iache kwanza mpaka giaboksi ikaguliwe. Ile Prado nlimrudishia shemeji ikiwa bado kwenye S, akawasha, akaangalia dashibodi, akaniangalia mimi, akavuta liva D akaondoka.